Uzoefu wangu na huduma ya kupiga picha rasmi za timu kwa simu ya video

Timu yetu ina watu 14 ambao hawajawahi kukutana wote katika chumba kimoja, na kwa muda mrefu ukurasa wa kuwatambulisha wafanyakazi ulikuwa unatuumbua. Mmoja alikuwa amekata picha ya harusi huku mkono wa mtu mwingine ukiwa bado begani mwake, mwingine alijipiga akiwa ndani ya gari, na mimi nilikuwa na picha ya pasipoti iliyofifia. Ndipo tulipolipia huduma ya mpigapicha anayekuongoza kwa simu ya video ukiwa nyumbani kwako. Baada ya kuipitia hatua zote, ninaamini kwamba tulicholipia hasa ni jicho la mpigapicha na maelekezo yake, kwa maana kamera ilikuwa ya simu yangu mwenyewe.

Siku moja kabla ya kikao tuliagizwa kuvaa nguo ya rangi moja, isiyo na mistari myembamba iliyokaribiana, kwa sababu mistari ya namna hiyo huleta mawimbi ya ajabu kwenye picha za kidijitali. Tuliagizwa pia kufuta lenzi ya nyuma ya simu kwa kitambaa laini. Muda ulipofika nilifungua kiungo, nikairuhusu programu itumie kamera, na kuanzia hapo mpigapicha ndiye aliyekuwa akibonyeza kitufe kutoka kwake, huku picha zikihifadhiwa kwenye simu yangu kwa ukubwa wake kamili kabla ya kutumwa. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Video ya pikseli 1280 kwa 720 haifiki hata megapikseli moja, yaani nukta milioni moja za picha, ilhali kamera ya nyuma ya simu nyingi za siku hizi hutoa megapikseli 12 au zaidi, kwa hiyo huduma inayokata tu picha kutoka kwenye mkutano wa video haifai kulipiwa.

Nilikuwa nimekaa dirisha likiwa nyuma yangu, na uso wangu ulikuwa giza tupu. Mpigapicha aliniomba nigeuke hadi dirisha liwe kushoto kwangu, mbele kidogo, kisha nizime taa ya dari, kwa kuwa mwanga wake wa manjano ulikuwa unachanganyika na ule wa mchana na kuufanya uso uwe na rangi mbili. Halafu akaniuliza kama nina shuka jeupe. Nilipolitandaza juu ya kiti upande wangu wa kulia, kivuli kizito kilichokuwa chini ya shavu kililegea, na jicho ambalo halikuonekana vizuri likapata uhai. Simu aliitaka iwe juu ya rundo la vitabu, usawa wa macho, umbali wa kama mita moja na nusu, kwa sababu kamera ikiwa karibu mno huikuza pua na kuyafanya masikio yaonekane yamerudi nyuma. Miwani yangu ilikuwa inang'aa. Alinielekeza niinue mikono ya miwani kidogo tu juu ya masikio ili vioo viiname, na mng'ao ukatoweka. Sikuwahi kulijua hilo, nami nimevaa miwani kwa miaka mingi.

Kasoro kubwa ilikuja kwenye uhariri. Picha za awamu ya kwanza zilirudi zikiwa zimepaushwa ngozi, hasa za wenzetu wenye rangi nyeusi zaidi, na kovu nililonalo juu ya unyusi wangu wa kulia tangu utotoni lilikuwa limefutwa. Jambo hilo liliniuma. Kama uso unaonekana mweusi kwenye picha kuliko ulivyo, mpigapicha huirekebisha kamera wakati wa kupiga ili ipime mwanga wa uso wenyewe. Kumbadilisha mtu rangi yake baadaye si marekebisho. Tulilalamika kwa maandishi, nao wakahariri upya bila malipo ya ziada, safari hii wakiondoa chunusi na nywele zilizopeperuka tu, na kuacha vyote ambavyo mtu anavyo siku zote. Anayetaka huduma kama hii aliweke sharti hilo kabla hajalipa.

Mandharinyuma ya kubandika, yaani ile inayowekwa nyuma ya mtu wakati wa uhariri, nayo haikuwa sawa kwa kila mtu. Waliopigwa mbele ya ukuta mtupu walitoka vizuri, lakini mwenzetu mmoja mwenye nywele za kipilipili zilizoachwa zikue alikuwa na rafu ya vitabu nyuma yake, na ukingo wa nywele zake ulionekana kama umekatwa kwa mkasi. Ilibidi arudie kikao.

Pamoja na hayo, nitaitumia tena. Mpigapicha alihifadhi maelezo ya namna tulivyopigwa: mwanga kutoka kushoto, umbali uleule, kichwa kikijaza sehemu ileile ya fremu. Mwezi uliopita amejiunga mwenzetu mpya, akapigwa peke yake nyumbani kwake kwa kufuata maelezo hayo, na picha yake ilipowekwa kwenye ukurasa kivuli kilikuwa upande uleule wa shavu kama chetu sote.