Kampuni ya Delaware, kazi za Houston: uzoefu wangu wa kusajili LLC Texas

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wenye biashara ndogo huku Marekani, hasa sisi wa usafi, malori na kutunza wazee. Nimelipa pesa ambazo sikuwa na sababu ya kuzilipa, na nina hakika wiki hii kuna mtu anajaza fomu ileile niliyoijaza mimi.

Desemba 2024 nilifungua LLC, yaani kampuni ya dhima yenye mipaka, kupitia kampuni moja ya mtandaoni inayofungulia watu biashara. Sitaitaja jina. Naishi Houston, jimbo la Texas, nasafisha maofisi, mashine zangu za kupolishia sakafu ziko gereji kwangu, na wateja wote wako hapahapa. Lakini kampuni niliifungulia jimbo jingine, Delaware. Kila kundi la WhatsApp nililokuwemo lilisema Delaware ndiko kwenyewe, na nilipoingia kwenye tovuti yao, Delaware ilikuwa imewekwa juu kabisa kama chaguo la wengi. Nikabonyeza, nikalipa.

Niwe mkweli, kazi niliyowalipia waliifanya. Baada ya siku chache hati ya kuanzisha kampuni ilikuwa kwenye akaunti yangu, namba ya mlipakodi ya IRS, wakusanya kodi wa serikali kuu, ikafuata, na walinikumbusha mapema kuhusu zile dola 300 ambazo kila LLC ya Delaware hulipa kabla ya tarehe 1 Juni, hata kama haijaingiza senti. Ukichelewa, faini ni dola 200 na riba ya asilimia 1.5 kila mwezi. Kwa kunikumbusha hilo nawashukuru. Walinyamaza kwenye jambo moja tu, na ndilo lililonigharimu.

Septemba 2025 nilipata kazi niliyokuwa nikiiombea: jengo la ofisi la ghorofa tano, usiku, siku tano kwa wiki. Dada wa kitengo cha manunuzi akaniomba fomu ya W-9 (ya jina na namba ya mlipakodi), cheti cha bima na uthibitisho kwamba kampuni inaruhusiwa kufanya biashara Texas. Nikamtumia kibali changu cha kodi ya mauzo. Huduma ya usafi wa majengo hapa inatozwa kodi hiyo, asilimia 6.25 ya jimbo na mpaka 2 za mji, kwa hiyo kibali nilikuwa nacho tangu Januari na kodi nilikuwa naipeleka. Moyoni nilijua nimemaliza.

Jioni akanijibu kwa picha ya skrini. Alikuwa ameingia kwenye tovuti ya Comptroller, wakusanya kodi wa jimbo, pale unapotafuta kampuni kwa jina. Kampuni iliyosajiliwa huonyesha mstari unaosema haki ya kufanya biashara Texas iko hai. Yangu haikuwepo kabisa. Chini ya picha aliandika kwamba ananisubiri wiki mbili, baada ya hapo kazi inakwenda kwa mwingine.

Usiku ule nilisoma mpaka saa nane. Nilichokuja kuelewa ni kwamba kwa macho ya Texas, kampuni ya Delaware ni kampuni ya kigeni. Hawasemi hivyo kwa sababu mimi ni Mtanzania. Hata Mmarekani aliyezaliwa Dallas, akifungua kampuni yake Delaware, kwa Texas ni ya kigeni, na ikitaka kufanya kazi hapa ni lazima isajiliwe kwa Katibu wa Jimbo, mtunza daftari la makampuni, kule Austin. Kwa sisi wa nyumbani mfano si mgeni: Tanzania Bara una BRELA, wasajili wa makampuni, ukivuka kwenda Zanzibar unakuta BPRA na daftari lao wenyewe. Nchi moja, masjala mbili. Marekani kila jimbo lina yake, hamsini kwa jumla.

Kibali cha kodi ya mauzo ni kitu kingine kabisa. Kinatolewa na Comptroller, ni bure, na hakikupi haki ya kufanya biashara. Hapa nimeona wengi wamejikwaa kama mimi. Halafu si kila shughuli inahitaji usajili. Sheria ya Texas inataja mambo yasiyohesabiwa kuwa kufanya biashara jimboni: kuwa na akaunti ya benki, kufanya kazi moja ya pekee inayokwisha ndani ya siku 30, biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Kwa hiyo dereva wa lori wa Ohio anayepitisha mzigo Texas hayumo kwenye balaa hili. Mimi niliyekuwa nasafisha vyoo vya Houston kila usiku nilikuwemo mzima mzima.

Na adhabu yake iko hivi. Mikataba yako haifutiki kwa kutosajiliwa, na ukishtakiwa unaweza kujitetea. Ila wewe huwezi kumshtaki mtu katika mahakama za Texas mpaka usajiliwe. Mwezi Juni kulikuwa na mteja aliyekataa kunilipa kazi ya wiki tatu, nami nikawa natembea kifua mbele nikimwambia tutaonana mahakamani. Kumbe mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa kwa upande wangu.

Asubuhi nikawapigia wale wa mtandaoni. Dada aliyepokea alikuwa mwungwana sana. Nikamuuliza, mliiona anwani yangu ya Houston kwenye fomu, mbona hamkuniambia? Akasema wao hawatoi ushauri wa sheria. Kisha akanipa bei: dola 249 za huduma yao, dola 125 kwa mwaka za wakala wa Texas, na ada ya jimbo juu yake. Nikamuuliza kama naweza kujifanyia mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema, ndiyo, unaweza.

Nikajifanyia. Fomu inaitwa 304, ni ya LLC za nje ya Texas, na inajazwa mtandaoni kwenye mfumo wa Katibu wa Jimbo, SOSDirect. Sura yake ni ya zamani na hata kutafuta jina la kampuni humo wanakukata dola moja, lakini haikunikwamisha popote. Wanauliza jina, jimbo na tarehe ya kuanzishwa, shughuli zenu, anwani, majina ya wasimamizi, na wakala wa kupokea barua za mahakama. Huyo wakala anaweza kuwa mtu yeyote mkazi wa Texas aliyekubali, mwenye anwani ya mtaani ambako anapatikana saa za kazi. Sanduku la posta hawalipokei. Kampuni yenyewe haiwezi kuwa wakala wake, lakini mwenye kampuni anaweza. Nikajiandika mimi, na zile dola 125 zikabaki mfukoni.

Nikafika kwenye kisanduku cha tarehe: lini kampuni ilianza kufanya biashara Texas? Ukiwa umefanya biashara zaidi ya siku 90 bila usajili, unalipa faini sawa na ada ya usajili kwa kila mwaka au sehemu ya mwaka. Ada yenyewe ni dola 750. Rafiki yangu, tumekaa naye mezani jikoni, akanishauri niandike tarehe ya siku ileile. "Nani atajua, kaka?" Mke wangu alikuwa anapakua wali, akaweka mwiko chini, akasema, "Si unalipa kodi ya mauzo tangu Januari? Wao hawawezi kusoma?" Na chini ya fomu unatia saini ukijua kwamba maelezo ya uongo yana adhabu. Nikaandika Januari 2025.

Basi ikawa 750 za usajili, 750 za faini, na kwa kuwa nililipa kwa kadi wakaongeza asilimia 2.7. Jumla dola 1,540.50. Na mtu anayefungua LLC mpya ya Texas, hapahapa, ada yake ni dola 300. Nilizitazama namba hizo mbili kwa muda mrefu. Ningefungua Texas siku ya kwanza, ningelipa 300 na habari ingeishia hapo, bila dola 300 za Delaware kila Juni na bila wakala wa pili kule.

Mtu atauliza kwa nini sikufungua kampuni mpya ya Texas tu. Bima, akaunti ya benki, kibali cha kodi na mikataba minne vilikuwa kwa jina la ile ya zamani, na nilikuwa na wiki mbili. Baadaye nilikuja kujua ipo njia ya kuibadilisha kampuni yenyewe itoke Delaware iwe ya Texas, maana majimbo yote mawili yanaruhusu. Mwenye muda aulizie hiyo kwanza kwa mwanasheria. Mimi niko kwenye mipango hiyo sasa.

Cheti kilirudi kwa barua pepe siku ya nne ya kazi. Nikamtumia yule dada wa manunuzi nikiwa bado kwenye gari, nje ya duka la vifaa. Mkataba tulitia saini wiki iliyofuata.

Baada ya usajili jiandae kwa barua. Anwani yako sasa iko wazi kwa kila mtu, na mimi nilipokea tatu ndani ya mwezi mmoja, zenye nembo zinazofanana na za serikali, zikidai nilipie cheti au mabango ya sheria za kazi. Soma maandishi madogo ya chini, mengi yanakiri yenyewe kwamba si ya serikali. Linalotakiwa kweli ni taarifa ya mwaka kwa Comptroller, kabla ya tarehe 15 Mei, na kuiwasilisha ni bure. Kodi ya franchise, ile ambayo jimbo hutoza makampuni, kwa mwaka 2025 haikulipwa na kampuni yenye mapato yasiyozidi dola milioni 2.47, kwa hiyo wengi wetu haikutugusa.

SOSDirect naipa nyota nne. Moja nimeipunguza kwa ajili ya sura yake na ile dola ya kutafuta jina. Wale wa mtandaoni nawapa mbili. Kasi wanayo na vikumbusho vyao ni vizuri, lakini mtu akikuandikia anwani ya Houston kwenye ombi la Delaware, mstari mmoja wa tahadhari si ushauri wa sheria. Nyota ya pili ni ya yule dada wa simu, aliyeniambia kweli kwamba naweza kujifanyia mwenyewe.