WireGuard naipenda, ila fundi aliyenifungia simtaki tena

Nina maduka mawili ya dawa, moja Tanga mjini, jingine Korogwe. Nilitaka kompyuta za pande zote mbili ziongee zenyewe kwa zenyewe, majina ya wagonjwa na dawa wanazotumia yasihifadhiwe kwenye seva ya mtu baki. Fundi aliyesifiwa sana akaja akafunga WireGuard, programu inayounganisha kompyuta za mbali kwa njia ya siri kupitia intaneti, na siku hiyohiyo stoo ya Korogwe nikawa naiona nikiwa Tanga. Nilifurahi, nikampa sehemu kubwa ya hela yake.

Jioni akatuma faili za mipangilio kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Nafungua ya Korogwe, nakuta ufunguo wa siri umekaa waziwazi, herufi na tarakimu zake zote hadi ile alama ya sawasawa ya mwisho. Ufunguo wa siri, jamani! Kwenye kundi ambalo bado yumo kijana aliyeacha kazi zamani!

Kumpigia, ananijibu mbele ya wahudumu wangu wanaosikia: "Dada, wewe uza dawa, mtandao niachie mimi. WhatsApp nayo imesimbwa." Imesimbwa, ndiyo, asiyekuwamo haoni. Lakini waliomo kwenye kundi wote wanao ufunguo wangu kwenye simu zao, na yeye anao kwenye kompyuta yake, kwa sababu alizitengeneza funguo zote huko kwake.

Hilo ndilo lisilonitoka. Tangu wataalamu wa usimbaji Diffie na Hellman watoe wazo lao mwaka 1976, maana ya funguo hizi ni kwamba kila upande unabaki na ufunguo wake wa siri na kutoa ule wa umma tu, ambao hata mtu baki akiuona si neno. WireGuard haina jina la mtumiaji wala nywila. Anayeushika ufunguo wa siri wa Korogwe, kwa kompyuta ya Tanga huyo ndiye Korogwe. Fundi alijitetea kwamba mawasiliano yaliyokwisha kupita hayafunguliwi kwa ufunguo huo, na hapo namkubalia, kwani programu hubadilisha funguo za muda kila baada ya dakika kama mbili. Lakini mimi namzungumzia mtu atakayeingia kesho akijifanya duka langu.

Mpwa wangu anasomea kompyuta. Tulifuta kila kitu, tukatengeneza funguo mpya, kila moja kwenye mashine yake. Ni amri moja tu! Jason Donenfeld aliyeiandika programu hii aliifanya fupi makusudi, na tangu 2020 imo ndani ya mfumo wa kompyuta wa Linux wenyewe, kwa hiyo sioni kazi ngumu ambayo fundi aliikwepa. Funguo za umma tulitumiana kwa WhatsApp bila hofu, kisha tukasomeana kwa simu kuhakikisha hakuna aliyezibadilisha njiani.

Hapa nayo programu ikaniudhi. Herufi moja ilipokuwa si yenyewe, haikutoa hata neno la kosa. Tulikesha na kimya hicho, nikataka kuing'oa kabisa. Mpwa akanieleza kwamba ndivyo ilivyoundwa, haimjibu isiyemtambua, na kijana yule akijaribu zile funguo za zamani atapata kimya kilekile. Sawa, nimeelewa. Lakini mwenye duka asiye na mpwa kama wangu afanye nini saa nne usiku? Nilikuwa nimeipa nyota tano, nikashusha hadi tatu, sasa naandika nne, na nikikumbuka inavyokwenda upesi hata kwa laini ya simu ya Korogwe natamani kurudisha ya tano.

Fundi amenipigia juzi akidai salio lake. Waya alizotandaza ni nzuri, nitazilipia. Za funguo hapati hata shilingi, na nimemwambia azifute mbele yangu ndipo tuongee.