Ngozi ya magome au ya kromu: ipi ya mkoba wako?

Kata kipande na utazame ukingo wake. Ukiona mstari wa kijivu au samawati katikati, hiyo imesindikwa kwa kromu, yaani chumvi za madini ya kromiamu. Ya magome, yaani iliyosindikwa kwa magome ya miti kama miwati, huwa kahawia ndani hadi nje.

Ya kromu hutoka kiwandani laini na huvumilia mvua vizuri zaidi. Kwa mkoba unaojikunja, unene wa milimita 1.2 hadi 1.6 unatosha. Tatizo ni kingo: ukizisugua hazing'ai, zinabaki na nyuzinyuzi. Zikunje kwa ndani au uzipake rangi ya kingo. Tatizo jingine ni mikanda. Ikibeba uzito hurefuka, kwa hiyo weka utepe wa nailoni katikati ya tabaka mbili kabla ya kushona.

Ya magome ni ngumu, na ndiyo ifaayo kwa mkoba unaosimama wenyewe. Chukua milimita 2 hadi 2.5. Ukiilowesha kidogo hushika umbo unaloipa, na ukingo wake ukisuguliwa kwa kijiti huku una unyevu hung'aa bila rangi. Lakini tone la maji huacha doa, na jua huikoleza. Na chuma! Kikigusa ngozi hii ikiwa na unyevu, tanini, ile dawa ya magome iliyoisindika, huacha alama nyeusi, kwa hiyo tumia vifungo vya shaba.

Kwa mkoba wa kila siku kwenye mvua, kromu. Kwa mikanda, magome, hata kama mwili wa mkoba ni kromu.