Uzoefu wangu: kufinyanga ua la mbuyu kwa udongo wa karatasi, Dodoma

Anayefinyanga sanamu nyembamba hapa Dodoma anajua jinsi upepo wa kiangazi unavyokausha kingo za kazi ilhali katikati bado ni kubichi, na nyufa hufuata papo hapo. Ndiyo sababu nilihamia kwenye udongo wa karatasi, yaani udongo wa mfinyanzi uliolainishwa kwa maji na kuchanganywa na karatasi zilizolowekwa hadi zikawa rojo, takriban sehemu 1 ya rojo kwa sehemu 4 za udongo. Karatasi za chooni zinanifaa zaidi, maana huvunjika upesi majini.

Niliujaribu kwa ua la mbuyu, lenye petali 5 na fungu kubwa la stameni (vijiti vyembamba vyenye chavua) katikati, umbo ambalo udongo mtupu haukuwahi kunikubalia. Uzuri wake mkubwa ni kwamba petali iliyokauka kabisa huungana na nyingine kavu kwa rojo la udongo huohuo, wakati katika udongo wa kawaida sehemu mbichi husinyaa na kubanduka kutoka kwenye ile kavu. Nyuzinyuzi za karatasi hufyonza unyevu wa rojo na kuzishika pande zote mbili. Hivyo nakausha petali moja moja kivulini, nazipiga msasa, kisha nazipachika bila kushindana na upepo; na ikimeguka mojawapo kabla ya kuchomwa, naigandisha tena mahali pake. Kwa mji wenye hewa kavu kama huu, hilo peke yake linatosha kunifanya niupendekeze kwa moyo wote.

Tanuri ndilo linalodai uangalifu. Karatasi huanza kuungua joto linapopita kama digrii 200 za Selsiasi, na moshi wake ni mwingi, kwa hiyo nachomea nje, napandisha joto polepole na kuacha tundu la juu wazi mpaka moshi uishe. Karatasi ikishateketea huacha vitundu vidogo vidogo: sanamu huwa nyepesi, lakini hufyonza maji, na ule uimara iliokuwa nao ikiwa kavu hauhesabiki tena. Kwa mtungi au chungu cha kupikia ningebaki na udongo wetu wa kawaida.

Mchanganyiko mbichi huoza na kunuka upesi katika joto letu. Unaobaki nautandaza mwembamba juani ukauke, kisha nauloweka upya siku ya kazi.