Kumtafuta Utetheisa galapagensis: taa usiku au viwavi mchana?

Nondo huyu wa kundi la Arctiinae hapatikani popote duniani ila visiwa vya Galápagos, Ekwado. Huruka usiku na rangi yake ni hafifu, tofauti na ndugu yake Utetheisa ornatrix, anayeng'aa, huruka mchana, na ambaye viwavi wake hutoboa maganda ya mimea ya jamii ya marejea.

Taa ndiyo njia ya haraka. Tundika shuka nyeupe, weka mbele yake taa ya urujuanimno, uchague usiku usio na mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa hupoteza nguvu; upepo ukipepea shuka, nondo hawatui. Zima kabla ya alfajiri na uwakung'ute wadudu vichakani, la sivyo ndege watawamaliza hapo hapo. Kasoro kubwa ni kwamba taa huvuta pia nondo wanaopita njia tu, hivyo nondo kwenye shuka hathibitishi kuwa anazaliana eneo hilo.

Kiwavi huthibitisha. Kagua vichaka vya Tournefortia, mimea ambayo viwavi wa nondo huyu huila, jani kwa jani, hasa upande wa chini, ukitafuta matundu mapya na kinyesi cheusi. Ni kazi ya kuchosha, lakini kwa uhifadhi ndiyo yenye thamani zaidi. Ukiwa na kibali cha kumlea, tumia chombo chenye matundu, karatasi kavu chini na majani mapya kila siku: unyevu ukituama, ukungu huua kiwavi.

Kwa njia zote mbili, safisha viatu na shuka kabla ya kuvuka kisiwa kingine. Mbegu na mayai husafiri humo.