Fonti za kizamani za kuchapia kitabu: mimi nilipigwa, nyie angalieni hiki kitu

Nilinunua fonti moja (yaani mtindo wa herufi za kompyuta) imeandikwa "imetengenezwa kwa mkono", ya kuchapia kitabu cha mashairi. Kwenye skrini ilikuwa inang'aa jamani. Kupeleka kuchapa, maandishi yamekonda kama yametoka kuugua, kurasa nzima kijivu, msomaji anasogeza kitabu dirishani!

Kwa hiyo habari za kupendeza sikuelezi, hizo unaziona mwenyewe. Wewe angalia wembamba. Zamani herufi zilikuwa za risasi (ile metali, siyo ya bunduki), zinapakwa wino, zinagandamizwa kwenye karatasi, na wino unatanuka kidogo pembeni, yaani mchongaji wa herufi alikuwa anajua herufi yake itanenepa ikishafika kwenye karatasi. Sasa wanaozileta kwenye kompyuta wengine wanafuata umbo la ile risasi kavu, unene wa wino wanausahau, ndo unaletewa mifupa mitupu. Mfano ni fonti ya vitabu inaitwa Bembo: ile ya risasi ya 1929 inasifiwa mpaka leo, lakini ya kwanza ya kompyuta ililalamikiwa sana kwa kukonda, hadi wenyewe, kampuni ya Monotype, wakatoa Bembo Book mwaka 2005, hiyo sasa imeshiba.

Namba moja kwangu ni Adobe Caslon, na ndiyo, napendelea. Carol Twombly, mchora herufi wa kampuni ya Adobe, aliichora 1990 akifuata kurasa za sampuli za William Caslon, mchongaji wa London wa karne ya 18. Ina mwili, saizi ya 10 inasimama hata kwenye karatasi ya hovyo. A kubwa ina kishimo pale kileleni, herufi hazijanyooka kama gwaride, na hicho ndicho kinafanya jicho lisichoke kurasa mia mbili. Tangazo la uhuru wa Marekani la 1776 lilichapwa kwa herufi za Caslon, kwa hiyo kazi inaijua.

Ya pili Bembo Book. Ya tatu Sabon ya Mjerumani Jan Tschichold, 1967, nzuri ila italiki yake (zile herufi za kulala) imetanuka, maana ilibidi ilingane upana na herufi za kawaida ili mashine za zamani za kupanga herufi, za Linotype, ziikubali. Garamond inayokuja na Word achana nayo, nyembamba, na wala si ya Claude Garamond, yule mchongaji Mfaransa wa karne ya 16, ni ya Jean Jannon aliyekuja baada yake, mtafiti wa herufi Beatrice Warde alishaianika 1926.

Ya bure? EB Garamond, hiyo ni nyingine, siyo ile ya Word. Chukua, basi.

Wauzaji sasa. Sampuli wanakuwekea herufi kubwa kama bango, ile ya saizi ya 10 huioni ng'o. Italiki inauzwa peke yake, leseni ya tovuti peke yake. Na huo "mkono" wenyewe, wameparua kingo tu, kila a ina kovu palepale, na Kiswahili chetu kilivyojaa a, andika "wanawake wanapanda" uone makovu yalivyopanga foleni. Nikadai hela yangu, nikajibiwa faili likishapakuliwa halirudishwi, ila nikiongeza hela kidogo naweza kupata toleo nene.