Gereji ya Buzuruga inayopima kabla ya kugusa shokapu

Wenye pikipiki wengi jijini Mwanza humpelekea fundi shokapu za nyuma pale tu zinapovuja mafuta au zinapogonga kila zikikuta shimo, na jibu la fundi huwa ni kuuziwa jozi mpya. Gereji ninayoizungumzia, ndogo, isiyo na kibao, iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka stendi ya Buzuruga, ina utaratibu mwingine: fundi wake hazungushi kitu chochote mpaka amepima.

Ninaendesha TVS HLX 125, yenye shokapu mbili nyuma na, chini ya kila springi, pete ya hatua tano inayozungushwa kuinua au kushusha nyuma ya pikipiki. Asubuhi huwa peke yangu, na jioni humpakia mke wangu anapotoka kazini Bugando. Tukiwa wawili, pikipiki ilikuwa ikikaa nyuma mno, usukani unakuwa mwepesi kwenye kona za mteremko, na taa ya mbele inawachoma macho wanaokuja.

Fundi aliisimamisha kwa stendi kubwa hadi gurudumu la nyuma likaning'inia, akaweka alama ya chaki kwenye fremu juu ya ekseli, kisha akapima kwa futi umbali kati ya alama na ekseli. Baadaye aliishusha, akaniketisha, akapima tena: ilikuwa imeshuka milimita 28. Alipoongeza mtu wa pili, kijana wake wa gereji, ilishuka milimita 45. Kipimo kinachofaa kwa pikipiki ya barabarani ni kati ya robo na theluthi ya umbali wote ambao gurudumu la nyuma linaweza kupanda na kushuka; ikishuka zaidi ya hapo, nafasi ya kumeza tuta inakuwa imeliwa na uzito wa waliopanda, na mshindo unaishia mgongoni kwa abiria.

Kabla ya kuzungusha pete, alizisugua kwa mswaki uliochovywa kwenye dizeli, kwa sababu mchanga ukibaki hapo hutafuna meno yake. Alitumia spana yenye umbo la ndoano. Naitaja kwa makusudi, kwani gereji niliyopita awali ilitumia patasi na nyundo, na pete moja ingali na pengo hadi leo. Alipandisha shokapu zote mbili kutoka hatua ya pili hadi ya nne, sawasawa, maana zote mbili zinapaswa kuwa kwenye hatua ileile. Nilipomuuliza kama sasa springi imekuwa ngumu, alinijibu, "Hapana, kaka, springi ni ileile, nimeinyanyua tu." Ndivyo ilivyo hasa: pete huinua sehemu ya nyuma na kurudisha nafasi iliyopotea, bali ugumu wa springi yenyewe haubadiliki. Tulipokaa tena wawili, kipimo kilikuwa milimita 36.

Kisha alikagua kulegea kwa cheni nikiwa nimekaa, kwa kuwa kubadilisha kimo cha nyuma hubadilisha pia mvutano wake, akaongeza upepo wa tairi la nyuma kulingana na maelekezo ya mtengenezaji kwa watu wawili. Abiria mmoja, nasisitiza. Hakuna hatua ya pete iliyobuniwa kwa ajili ya mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba aliniambia pia mahali ambapo pete haisaidii. Alibonyeza kiti kwa nguvu na kukiachia ghafla: kikipanda na kutulia, mafuta ya ndani bado yanafanya kazi, kikiendelea kurukaruka, shokapu imechoka na kuipandisha hatua ni kupoteza muda. Zangu zilitulia.

Kasoro zipo. Hakuandika vipimo popote, ikabidi niviombe na kuviandika kwenye simu. Mchana foleni ya bodaboda ni ndefu na wateja wa kubadilisha oili hupewa nafasi mbele, hivyo ni afadhali kufika mapema. Malipo yalikuwa shilingi 5,000, bei ninayoiona ya haki kwa kazi yenye subira kiasi hicho. Lakini mtu anayebadilisha kati ya kupanda peke yake na kupakia abiria kila siku hawezi kurudi gereji asubuhi na jioni, na gereji hii haiuzi ile spana ya ndoano ili azungushe pete mwenyewe. Mpaka itakapoanza kuiuza, nimeziacha shokapu kwenye hatua ya nne, na asubuhi nikiwa peke yangu navumilia kurushwa kidogo kwenye matuta ya Mabatini.